Mstari Usiofanya Kitu

Juzi nilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye chumba cha kompyuta, nikingoja barua yangu ichapishwe. Meza ya pili walikaa dada mmoja wa Bukavu na kaka wa Burundi. Wanatengeneza programu inayoiga mashine ya zamani ya michezo, ili michezo yake ichezeke kwenye kompyuta za leo. Kesho yake walitakiwa kuionyesha Lilongwe, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Juzi ilikuwa inaimba muzuri," dada alisema. "Nani alibadilisha?"

Kompyuta yao hutunza kila badiliko, jina la aliyelifanya na sababu aliyoandika. Dada alirudi nyuma badiliko moja moja, akijaribu sauti kila mara, hadi kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja uliofutwa. Nilisogeza kiti.

"Ni mi," kaka alisema taratibu. "Ule mustari ulikuwa unaambia mashine isifanye kitu. Nikasafisha."

"Njo kazi yake, kutofanya kitu! Mashine inangoja kidogo, sauti ifike."

Dada akaurudisha. Muziki ukatoka safi.

"Pardon, dada."

Dada alikuwa akitazama jina la aliyeuandika mstari huo mwanzoni: lake mwenyewe. Mahali pa sababu palikuwa patupu.

"Na mi niko na kosa," akasema. "Sikuandika juu ya nini."

Akaandika papo hapo: "Usifute. Sauti inangoja hapa."

Nilitoka na barua yangu nikijiuliza nimewakasirikia wangapi kwa kufuta jambo ambalo sikuwahi kuwaeleza maana yake.