Kuku wa Kizimbani

Tulipogaiwa kuku tulipewa na jibu la kuwapa majirani. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake tunaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, tukikutana kila Jumanne kwenye chumba cha nyuma cha zahanati moja mjini. Mradi wa ufugaji, uliotoa mgao mmoja kwa kila nyumba, ulimpa kila mmoja wetu kuku wanne wekundu, wakubwa, wa aina ambayo mtaani kwetu Mwanakwerekwe hakuna aliyekuwa nayo. Lazima watu wangeuliza. Mama aliyetufundisha ufugaji akasema tuseme tumewanunua Kizimbani. Nijuavyo mimi, Kizimbani panalimwa karafuu na viungo, lakini sikutaka kuwa mjuaji siku ya kugaiwa kitu.

Nilikuwa nikiishi kwa wifi yangu. Mume wangu alipofariki, dada yake huyo alinipa chumba cha uani, akaniambia nikae mpaka nichoke mwenyewe. Ni mwanamke mkali, msafi mpaka anakera, na nilikuwa na hakika kwamba siku atakayojua nina virusi, nitafunga mizigo. Sikuwa na pa kwenda. Basi dawa nikazificha chini kabisa ya kopo la unga wa dengu, nikawa nameza saa mbili asubuhi, wifi akishatoka kwenda sokoni. Asipotoka kwa wakati, simezi. Na wifi alikuwa hodari wa kuchelewa.

Hata nikimeza, nilimeza juu ya chai kavu. Kichwa kinazunguka, tumbo linachafuka, kesho yake natafuta kisingizio. Muuguzi alisoma majibu ya damu yangu akaniambia virusi vimepanda, na nikiendelea kuruka siku, dawa zitashindwa kufanya kazi. Niliogopa sana. Nilirudi nyumbani nikaruka siku nyingine mbili.

Kuku walisaidia. Yai la asubuhi lilituliza tumbo, na mengine niliyouza yalinipa nauli ya kliniki. Siku nilipowaleta, wifi aliwatazama, mikono kiunoni.

"Umewapata wapi hawa?"

"Nimewanunua Kizimbani, wifi."

"Kizimbani pana karafuu," akasema.

"Na kuku," nikasema.

Akarudi jikoni. Nikadhani nimeshinda.

Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, wifi alirudi na tenga. Ndani mna kuku wanne wekundu, wakubwa. Nikamuuliza, kwa adabu tu, amewapata wapi.

"Kizimbani," akasema, bila kunitazama.

Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Mama wa ufugaji alishatuambia kwamba ana kikundi kingine, zahanati nyingine, kila Alhamisi. Na kila Alhamisi wifi alikuwa na khitma ya kwenda, mpaka nikawa nashangaa ana marafiki wangapi wanaokufa. Sisi wawili tunapika chungu kimoja, na kila mmoja alikwenda kujiandikisha kwamba anaishi peke yake.

 Wifi akawamwagia pumba kuku wote wanane, akaenda kusali.

Asubuhi yake saa mbili ilikaribia na wifi hajatoka. Nilikuwa nimekaa uani na kopo langu la dengu, hasira zimenipanda, nikijua leo naruka tena. Akatoka jikoni na mayai mawili ya kuchemsha na gilasi mbili za maji. Akaniwekea yai moja mbele yangu. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge, akameza huku akinitazama.

Nikafungua kopo. Nikapekua kutafuta kidonge, unga ukanimwagikia mapajani. Nikameza changu.

Wifi aliutazama ule unga kwa muda, maana ndio aliokuwa akitupikia bajia.

"Wifi," akasema, "mie kila asubuhi nnachelewa sokoni, nnangoja wewe uingie ndani nimeze zangu."