Taa za trela

Na kile chuma kipya cha kuvutia trela mlichosifu jana nilipoweka picha yake hapa? Kimeshikilia hadi mwisho.

Shida ilikuwa taa. Soketi mpya ya pikapu ina matundu saba, plagi ya trela ina pini tano. Haikuingia.

Mume wangu, huyu ninayempenda hadi naona haya, akacheka: "Ni mchana, mami. Taa za nini?"

Tukambeba mtamba tuliyezawadiwa na Mama siku ya harusi.

Kufika Kiganjo, ukungu. Dereva wa lori nyuma yetu hakuona tumefunga breki, akaigonga trela.

Sisi tuko wazima. Mtamba amekufa.

Mume wangu bado amepiga magoti kando yake. "Nitamwambia nini mama yako?"

"Tutamwambia," nimemjibu. "Sisi wawili."

Majirani wa Mama pale Skuta, tafadhali msitutangulie. Tutafika kwake kabla mwezi huu haujaisha.