Likizo ya Mtumishi wa Majaribio

Kwa miaka ishirini na sita hakuna karatasi iliyoingia ofisi za shirika la maji bila kupita mikononi mwa Mama Jalada. Karatasi inafika dirisha la masijala, anaigonga muhuri wa tarehe, anaipa namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya jalada, anaifunga humo, kisha jalada linakwenda kwenye trei ya mhusika. Uwe mfagizi, uwe mhandisi mkuu, barua yako itafuata foleni. Watu walimtania kwamba hata akizaa mtoto atamgonga muhuri kwanza. Alikuwa naye mmoja, binti, na hakumgonga muhuri, ila cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na namba ya folio.

Mumewe alikuwa mwendesha pampu, kituo namba mbili, kule kwenye ngazi themanini na nne za zege. Alipoanza kubanwa kifua, aliandika barua kuomba siku saba akapimwe. Asubuhi ile, wakivaa viatu mlangoni, alimwambia mkewe, "Wewe si uko pale pale? Mpelekee bosi mkononi."

"Barua yako itapita kwenye trei kama za wenzako," Mama Jalada akamjibu. "Leo nikikubeba wewe, kesho watu watasemaje?"

Mume akacheka, akafunga kamba za viatu. Barua ilikaa siku mbili masijala na sita kwenye trei ya afisa utumishi, ikarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: haikubaliwi kwa sasa, waendesha pampu ni wachache. Mama Jalada mwenyewe ndiye aliyeyapa majibu hayo namba, folio ya arobaini na sita. Folio ya arobaini na saba ni taarifa ya kifo. Mume alianguka kwenye ngazi zile Jumamosi iliyofuata.

Hiyo ni miaka tisa sasa. Msibani hakulia. Watu walisema mwanamke yule amejikaza kisabuni, wengine wakasema hana moyo, na wote walikosea. Alikufa ganzi tu, na ganzi haikuondoka. Alikula, alilala, alifika kazini saa mbili kasorobo. Binti yake alipomuuliza, "Mama, kwani wewe humkumbuki baba?" alimjibu, "Nakumbuka," kwa sauti ileile anayosemea "jalada liko kwa mhandisi."

Mwaka huu shirika likanunua mfumo mpya. Akaja mkufunzi, dada wa miaka thelathini na kitu mwenye viatu bapa na subira ya ajabu, akafunga projekta kwenye chumba cha mikutano na kuanza kumwaga maneno. Wingu. Moduli. Mtumiaji. Jukumu. Mtiririko wa kazi. Waliosikiliza wakatikisa vichwa kama watu walioelewa, kisha wakatoka na kwenda moja kwa moja kwenye dirisha la masijala. "Mama, yule anasema nini?"

Basi Mama Jalada akachukua karatasi, akawaandikia, akaibandika ukutani. Wingu: kompyuta kubwa za watu wengine, ziko mbali, sisi tumepanga humo kama mtu anavyopanga chumba; tukiacha kulipia, tunatolewa. Moduli: idara ndani ya mfumo, ya utumishi peke yake, ya stoo peke yake. Mtumiaji: mtu mwenye ruhusa ya kuingia. Jukumu: kile unachoruhusiwa kufanya ukishaingia, na usichoruhusiwa usikiguse. Mtiririko wa kazi: njia ya barua kutoka trei hadi trei, ila trei huzioni.

Mkufunzi aliisoma karatasi ile mara mbili. "Mama, mimi nalipwa kueleza haya, na sijawahi kuyaeleza hivi," akasema. Mama Jalada akashukuru. Hakufurahi wala hakuchukia.

Siku ya pili mkufunzi akaomba jalada moja la mtumishi la kufanyia mazoezi. Alitaka lililokamilika, lenye ajira, uhamisho, maombi ya likizo na mwisho wa utumishi, na lisiwe la mtu aliyepo kazini, asije akatumiwa barua ya kufukuzwa kwa bahati mbaya. Majalada yaliyokamilika kiasi hicho hayakuwa mengi. Mama Jalada alilijua moja ambalo halikukosa hata karatasi, kwa sababu alilitunza yeye. Akalitoa kabatini, akaliweka mezani.

"Jina nitalificha," mkufunzi akasema. "Tutamwita Mtumishi wa Majaribio."

"Sawa."

Karatasi zikapigwa picha zikaingia kwenye mfumo. Na kwa kuwa kanuni ilisema majalada yaliyofungwa zaidi ya miaka saba hayahamishwi kwenye wingu bali yanachanwa, alasiri ile Mama Jalada alilibeba lile rundo hadi kwenye mashine ya kuchana. Akaingiza folio ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwandiko wa mumewe ukapita mbele ya macho yake ukatoka upande wa pili ukiwa nyuzi. Arobaini na saba zote. Hakupepesa jicho. Alipomaliza, alifagia chini.

Wiki mbili zilizofuata ofisi nzima ilimfanyia mazoezi mumewe bila kujua. Karani wa usafiri alimpandisha cheo. Mtu wa stoo alimhamishia makao makuu, wa mapokezi akamfukuza kazi, wakavunjika mbavu kwa kicheko. "Jamani, huyu Majaribio ana maisha!" Kila saa kumi mkufunzi alirudisha kila kitu kutoka kwenye nakala rudufu, ili kesho waanze upya kabla ya ile karatasi ya mwisho wa utumishi. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Jalada akifungua skrini alimkuta palepale: mwendesha pampu, kituo namba mbili, yuko kazini. Chini yake mstari mmoja. Maombi ya likizo, siku saba, yamekataliwa.

Alikuwa anausoma mstari ule kila asubuhi kabla ya chai. Siku ya nne aligundua kwamba anawahi kufika. Siku ya tisa alikuwa kazini saa moja na robo, peke yake na skrini, koti hajavua. Hapo ndipo alipojua anachotaka, na kilikuwa kidogo mpaka kikamtia aibu. Alitaka barua ile ijibiwe ndiyo. Popote, hata mahali pa uongo.

Siku ya mwisho ya mafunzo lilikuwa zoezi la mtiririko wa kazi. Kwa kuwa waendesha pampu hawana kompyuta, jukumu la Mama Jalada lilikuwa kuwasilisha maombi kwa niaba yao, na jukumu la kuidhinisha lilikuwa la afisa utumishi. Bado ni yuleyule wa wino mwekundu, sasa ana mvi na miwani.

"Ombeni chochote," mkufunzi akasema. "Leo sirudishi nakala. Tukimaliza hapa tunafuta mazingira yote ya majaribio, Jumatatu tunaanza na watu wa kweli."

Mama Jalada akamfungua Mtumishi wa Majaribio, akachagua likizo. Siku: saba. Kuanzia: Jumatatu. Kwenye nafasi ya sababu akaandika maneno aliyoyajua kwa moyo. Kifua kinanibana nikipanda ngazi. Naomba nikapimwe. Akabonyeza.

Kule mbele, kompyuta ya afisa utumishi ikalia. Alikuwa na kikombe mkono mmoja. Hakusoma. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akanywa chai. Imeidhinishwa.

Sekunde tisa. Mama Jalada aliziona kwenye kona ya skrini.

"Enhe, mnaona raha yake?" mkufunzi akasema. "Zamani ingekaa kwenye trei hata wiki."

"Nane," akasema Mama Jalada.

"Mama?"

"Siku nane."

Afisa utumishi akacheka pamoja na wengine. Hakukumbuka kitu, na kwa nini akumbuke, amekataa likizo ngapi maishani? Mama Jalada akasubiri ahisi chochote, hasira au nafuu. Hakuhisi.

Watu walipotoka, mkufunzi akamletea fomu ya kufuta mazingira ya majaribio. Ilihitaji sahihi ya mkuu wa masijala na tarehe ya leo. Mama Jalada akatia sahihi. Kwenye tarehe akaandika Jumatatu, si ijayo, ile ya baada yake.

"Mama, umekosea. Ni leo."

"Sijakosea. Yuko likizo siku saba. Akimaliza."

Mkufunzi alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akaikunja fomu akaitia mfukoni. Kwa mtu aliyekuja kufundisha utaratibu, ule ulikuwa uvunjaji mkubwa wa utaratibu, nami namsifu kwa hilo.

Wiki ile Mama Jalada alifanya kazi kama kawaida, kwenye mfumo halisi, na watu halisi. Maombi yalipita sekunde tisa, sekunde ishirini. Jumatatu ya pili, saa mbili kasorobo, mkufunzi alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. Inaonekana alikuwa amefungua kumbukumbu za mfumo akasoma ile sababu, na labda aliuliza mtu, kwa maana aliinuka akampisha kiti kwa heshima anayopewa mfiwa.

"Mama," akamuuliza taratibu, "amerudi?"

Mama Jalada akafungua mdomo kujibu kwa ile sauti yake ya siku zote, na haikuwepo.

"Hajarudi," akasema, machozi yakamtoka, ya miaka tisa mizima, palepale juu ya kibodi. "Hajarudi, mwanangu. Futa."