Ngozi Iliyoshonwa Silibwet

Nyaguthii alikuwa ameshona sare za shule pale Silibwet kwa miaka ishirini na sita, na kabla ya mwaka juzi hakuwahi kumpima mteja asiyekuwa binadamu. Alizaliwa Kedowa, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Nyeri kulima viazi. Ndoa ndiyo iliyomleta upande wa Bomet. Mumewe alipofariki alibaki na mwanawe Muriuki, cherehani, na sifa ya kwamba mshono wake haufumuki.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Shirley dukani. Shirley alikuwa msichana aliyesomea mambo ya filamu Nairobi, na sasa alikuwa akitengeneza hadithi ya mchuma chai anayependana na kiumbe wa mtoni. Alitaka ngozi ya huyo kiumbe.

"Isikae kama nguo, Mama Muriuki," alisema. "Ikae kama amezaliwa nayo."

Nyaguthii alifanya kazi wiki tatu. Aliunganisha ngozi za mbuzi na blanketi kuukuu, akachomeka nyuzi za katani moja moja mabegani. Kwa kuwa zipu ingeonekana, aliacha mgongo wazi, na kila asubuhi ya kurekodi alimshonea Kebaso humo ndani kwa mkono, kutoka kiunoni hadi shingoni. Kebaso alikuwa mwalimu wa Chepilat, mrefu ajabu, mtu wa porojo, asiyenyamaza hata sindano ikimgusa. Aliyeigiza mpenzi wa kiumbe alikuwa Phyllis, mchuma chai wa kweli, ambaye shamba la babake liliteremka hadi kwenye kijito walichorekodia.

Jumatano ya wiki ya pili mvua ya mawe iliilowesha ile ngozi. Kebaso akaibeba kwenda kuianika jikoni kwake. Kesho yake ukungu ulikataa kuondoka. Saa nne asubuhi ulikuwa bado umelalia majani ya chai, na watu wa kamera walikuwa wakiitana kwa majina ili wasipotezane.

Kisha kiumbe akatokea kwenye miti ng'ambo ya kijito, akiwa tayari amevaa.

Nyaguthii alikasirika kidogo. Alidhani mke wa Kebaso ndiye aliyemshonea. Shirley naye hakutaka kupoteza muda. "Twende!" akasema, na kamera ikaanza.

Ilikuwa ile sehemu ambapo kiumbe anamshika msichana mkono kwa mara ya kwanza. Alivuka maji bila kelele. Alisimama mbele ya Phyllis, akainamisha kichwa, akamtazama kwa muda mrefu kuliko walivyofanya mazoezi. Halafu akanyoosha mkono. Phyllis alitoa wake, na machozi yakamtoka, ingawa hakuna aliyemwambia alie.

"Kata," Shirley alinong'ona.

Nyaguthii aliona kama bega limechanika. Akamwendea na sindano yake, huku akisema, "Simama hivyo, mwalimu, nikurekebishe." Kebaso angekuwa ameshajibu kwa mzaha. Huyu hakusema neno. Nyaguthii alipapasa mgongo akitafuta mshono, kutoka shingoni hadi kiunoni, na mshono haukuwepo. Palikuwa na joto. Palikuwa na harufu ya matope na majani yaliyooza. Ngozi ikatetemeka chini ya vidole vyake, kama ya ng'ombe anayefukuza nzi.

Aliondoa mkono taratibu.

"Pole," alisema.

Kiumbe aligeuka akamtazama. Macho yake hayakuwa na hasira. Kisha akavuka kijito tena, na ukungu ukamfunika.

Haikupita nusu saa, Kebaso akafika kwa bodaboda, gunia mapajani. "Mnisamehe," alisema. "Ngozi ilikataa kukauka. Hebu shika, bado mbichi."

Shirley alimtazama, akatazama kamera, akaketi kwenye nyasi. Phyllis peke yake ndiye ambaye hakushangaa. Alikuwa amekikunja kiganja chake kama mtu aliyeshika kifaranga.

Nyanyake Phyllis aliposimuliwa, alisema ni chemosit, lile zimwi wanalotishiwa nalo watoto, na akataka mjukuu wake aombewe. Akaombewa. Filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja mjini Bomet, na ilipofika sehemu ile watu waliacha kutafuna njugu. Wengi walimpongeza Nyaguthii kwa ufundi. Aliitikia "asante," huku akisikia lile joto likimrudia vidoleni.

Phyllis alikataa kuigiza tena. Alirudi kuchuma chai, zile safu za chini kabisa, karibu na maji. Mwezi wa saba aliingia dukani kwa Nyaguthii, akaweka mezani kamba ya katani yenye mafundo.

"Nataka shati zito, mama. Vipimo ni hivi."

Nyaguthii aliinyoosha kamba. Fundo la mkono lilipita ukingo wa meza, likaning'inia.

"Ni la nani, mwanangu?"

"Kunakuwa na baridi sana kule chini," Phyllis alisema.

Nyaguthii alishona siku mbili, mlango ukiwa umefungwa. Phyllis alilichukua, akashukuru, akaenda. Baada ya wiki moja akalirudisha, likiwa na unyevu na limenasa manyoya ya kijivu.

"Amelipenda," alisema, akiona haya. "Ila linambana mabegani."

Nyaguthii akachukua mkasi, akatafuta kitambaa cha kuongezea.