Gurudumu Moja Mbele ya Bibi Harusi

Nilimwahidi dada yangu mdogo kwamba siku ya harusi yake ningemtangulia kutoka mlango wa kanisa hadi mlango wa ukumbi, nikiwa juu ya baiskeli ya gurudumu moja, na kwamba sitaanguka. Sehemu ya kwanza ya ahadi aliiomba yeye mwenyewe. Ya pili niliiongeza mimi kwa furaha, na ndiyo iliyonipa kazi.

Kwetu, watu wa Fizi, Kongo, tunaoishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, bibi harusi hutembea na baba yake. Baba yetu hakufika Malawi. Nilidhani basi nitashika nafasi hiyo kwa miguu, kama kaka mkubwa, nikiwa nimevaa suti na uso wa heshima. Dada yangu alikataa. Alikuwa ameketi kwenye mashine ya kushonea ya mama, anapunguza shela yake, na hakuinua hata macho aliponiita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, ukinitangulia na miguu, bantu bote batamukumbuka papa, batalia. Mi sitaki kulia na ile poda yote ku uso. Kuya na kile kigurudumu yako. Bacheke."

"Na wakwe zako?"

"Nabo bacheke. Bale ba Bukavu banachekaka kidogo sana."

Baiskeli yenyewe niliachiwa na kijana aliyekuwa akifundisha michezo kambini, siku alipopata safari ya kwenda ng'ambo. Ni gurudumu, kiti na pedali mbili zilizoshikana moja kwa moja na ekseli; ukiacha kukanyaga, nayo inasimama, nawe unaendelea mbele bila yake. Nilikuwa nimemaliza diploma ya ualimu, nikawa nafundisha vijana jioni, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba mtu aliyekimbia kwao ana haki ya kujifunza jambo moja lisilo na faida yoyote isipokuwa furaha. Nilijifunza kupanda, nikajifunza kwenda. Lakini sikujifunza kwenda moja kwa moja. Kila nilipopata mwendo mzuri, gurudumu lilianza kuvuta upande wa kulia, pole pole, kwa adabu, mpaka linitie kwenye soya za watu.

Jambo hilo lisingenisumbua kama nisingeiona ile njia ya kanisa la Likuni, harusi ilikopangwa. Tulikwenda kuitazama pamoja na familia ya bwana harusi. Ni njia nyembamba ya saruji, inayotoka kanisani ikapita uani hadi ukumbini. Upande wa kushoto wangesimama wageni wetu wa kambini. Upande wa kulia, kwa urefu wote, wangesimama wakwe.

Baada ya hapo tulikaribishwa soda nyumbani kwao, mtaa wa Area 49 mjini Lilongwe. Aliyesimamia harusi kwa upande wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Bukavu ambaye kitenge chake kilipigwa pasi hata kwenye mikunjo. Alinitazama muda mrefu.

"Mwalimu, tunasikia utakuya na sarakasi."

"Ni ombi la bibi harusi, mama."

"Kwetu mariage ni kitu ya heshima. Na kama unaanguka, unaangukia nani?"

Jibu la kweli lilikuwa: wewe. Nililimeza pamoja na soda.

Basi nikaanza mazoezi kila alfajiri kwenye njia ya udongo iliyo nyuma ya uwanja wa mpira. Nilivaa koti la suti, kwa kuwa niliona si vyema mtu ajifunze katika nguo moja, kisha ajaribiwe katika nyingine. Dereva wa kabaza, anayebeba abiria kwa baiskeli yake ya magurudumu mawili, alipunguza mwendo aniangalie vizuri.

"Achimwene, tayala lina lili kuti?" Alitaka kujua gurudumu la pili liko wapi.

"Nimeliuza!" nikamjibu kwa Chichewa changu kibovu.

"Ungeniambia! Ningelinunua mimi!" Akaenda zake akicheka peke yake hadi barabarani.

Nilitafuta kosa kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa chuoni. Kwanza nilishuku njia, kwamba imeinama. Nikageuka, nikaipita kutoka upande wa pili. Kama kosa lilikuwa la njia, sasa ningevutwa kushoto. Nikavutwa kulia. Nikashuku kiti, nikakilegeza, nikakinyoosha sambamba na gurudumu kwa kutumia rula ya darasani. Nikavutwa kulia. Nikajaza upepo, nikageuza tairi, nikabadilisha viatu. Kulia, kulia, kulia. Mwisho nikamwomba dada yangu anipige video kwa simu, kutoka nyuma. Tuliitazama tumeinama juu ya kioo kidogo, na nilichokiona kilinifurahisha na kunikatisha tamaa kwa pamoja: mabega yangu yalikuwa sawa kabisa, kama ubao uliolazwa. Kosa halikuwa mwilini mwangu. Lilikuwa wapi basi?

Siku chache baadaye joto lilipanda mapema. Nilikuwa nimeloa jasho, nikavua koti, nikalitundika uani nyumbani, nikapanda tena ili nimwonyeshe mama hatua niliyofikia. Mama alikuwa kizingitini na kikombe cha chai. Dada yangu alikuwa nyuma yangu. Ghafla akapiga kelele.

"Yaya! Simama! Shuka! Bega yako!"

"Imefanya nini?"

"Iko chini! Hii ya kuume. Mama, kuya uone, uko na mtoto wa kuegama!"

Nilishuka nikasimama. Akanipiga picha hapo hapo nikiwa na shati tu, wima kadiri nilivyoweza. Bega la kulia lilikuwa limeshuka waziwazi, na mgongo wote ulikuwa umelifuata. Nikachukua koti, nikalivaa, tukapiga picha ya pili. Mabega sawa. Nikalivua. Bega chini. Tuliendelea hivyo, kuvaa na kuvua, dada yangu akicheka hadi akakaa chini, mpaka nilipogundua kwamba mama hacheki.

Koti lilikuwa la mkono wake. Makoti yangu yote ni ya mkono wake. Aliweka kikombe, akaingia ndani, akarudi na wembe wa kufumulia. Akaukata mshono wa ndani begani, upande wa kulia, akatoa kipande cha sponji. Kisha kingine chini yake. Kisha akafungua la kushoto: kipande kimoja, chembamba.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu uko ku sekondari. Kila koti naongeza kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwana wangu? Mi njo nilikupinda."

Hapo nikaelewa. Kibanda cha mama cha ushonaji sokoni hakifungiki vizuri, na mashine ikilala huko wezi hawalali. Kwa hiyo tangu tulipofika kambini, kila asubuhi nilibeba kichwa cha mashine kutoka nyumbani hadi sokoni, na kila jioni nikakirudisha, chuma kizima, nikikikumbatia kwenye nyonga ya kulia. Ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana sikuwahi kuihesabu kuwa mzigo. Mama aliihesabu. Kila aliponipima nguo aliliona bega limezidi kushuka; akaona aibu, akalijaza sponji, nami nikapita mbele ya vioo nikijiona mtu aliyenyooka.

"Mama," nilimwambia, "hiyo mashine ndiyo iliyonisomesha. Ingenikunja mpaka chini, bado ningeibeba."

"Ile ni maneno ya diplome," akasema, akifuta macho kwa kanga. "Sasa utanyooka namna gani? Harusi iko karibu."

Sijui kueleza furaha iliyonipata. Mtu mwingine angehuzunika kujua kwamba amepinda. Mimi nilikuwa na kosa mkononi hatimaye, kosa la kweli lenye mahali pake, na kosa la namna hiyo linaweza kufanyiwa kazi! Nilitaka kupanda tena dakika ile ile.

Nilianza vibaya. Nililiinua bega la kulia kwa nguvu, nikalishikilia huko juu kama mtu anayebana simu shingoni. Shingo ikakakamaa, gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi, nikaanguka upande wa kushoto, upande ambao sikuwahi kuangukia maishani mwangu. Nililala kwenye vumbi nikiwa nimefurahi sana, kwa sababu kuanguka kupya ni habari.

Nikakaa nikawaza. Bega ni mwisho wa jambo. Mwanzo wake uko chini, kwenye kiti. Nilipopanda tena taratibu, nikishika ukuta wa jirani, nilisikia wazi nilichokuwa nimekizoea kiasi cha kutokisikia: nilikalia mfupa mmoja tu, wa kulia, na mguu wa kulia ulikanyaga kwa nguvu kuliko wa kushoto. Kila mzunguko gurudumu lilipata msukumo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, likapinda, kama ambavyo lolote lingepinda. Tiba ikawa kukalia mifupa yote miwili, na kuuacha mgongo usimame juu yake bila kulazimishwa. Nilijifunza upya kupanda kwa kuanza na mguu wa kushoto, na kwa siku kadhaa nilikuwa mjinga kama siku ya kwanza. Macho niliyatoa kwenye tairi, nikayapeleka mbali, kwenye paa za bati ng'ambo ya uwanja. Na mashine ya mama ikahamia nyonga ya kushoto.

Mama alijiteua kuwa macho yangu. Alinichorea mstari wa chaki ya cherehani mgongoni juu ya shati, kutoka shingoni hadi kwenye mkanda, akatembea nyuma yangu alfajiri, kanga mbili begani. Mstari ulipopinda alipiga kelele neno moja: "Mfupa!" Nami nikajua ni ule wa kushoto, ule mvivu, nikaukalia. Wapita njia walimdhania mama anagomba na mtu.

"Mama mwalimu, unamufukuza mwana wako?" aliuliza jirani yetu mmoja aliyekuwa na ndoo ya maji kichwani.

"Namunyoosha!" akajibu. "Hata mtu mzima ananyooka. Na weye ile ndoo yako iko inainama."

Kufikia juma la harusi niliweza kwenda urefu wa uwanja karibu bila kuacha mstari. Karibu. Nilipochoka, au nilipokutana na tuta, mwili ulirudi nyumbani kwake kulia.

Asubuhi ya harusi, kwenye chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya kanisa, mama alinikabidhi koti jipya, jeusi, zuri kuliko yote aliyowahi kunishonea. Nilipapasa begani. Hapakuwa na kitu.

"Sikuweka sponji," alisema. "Kama unaegama, baone."

Milango ikafunguliwa. Kwaya ya kambini ilikuwa imejipanga kushoto, na kulia wakwe, safu ndefu, safi, kimya, shangazi akiwa katikati na mkoba mweupe mkononi. Nilipanda kwa mguu wa kushoto. Nilisikia mshangao ukipita pande zote mbili kama upepo, kisha ngoma zikaanza, na nyuma yangu, kabla ya vigelegele, nikasikia dada yangu akicheka. Moyo wangu uliruka mbele yangu. Nilinyoosha mikono, nikayaweka macho juu ya mlango wa ukumbi, na njia ikaanza kupita chini yangu, nyeupe, nyoofu, nami nikiwa juu yake, nyoofu!

Katikati ya njia saruji ilikuwa imepasuka, na ukingo mmoja ulikuwa umeinuka. Gurudumu liligonga. Mguu wa kulia ukakanyaga kwa hofu, kama ilivyo desturi yake, na nikaanza kuelekea wakwe, pole pole, kwa adabu. Niliuona mkoba mweupe ukiinuliwa kifuani. Niliona mdomo wa shangazi ukifunguka.

"Mfupa!"

Sauti ilipita juu ya kwaya, juu ya ngoma na vigelegele. Mama alikuwa ameuacha mkono wa bibi harusi, ameingia katikati ya njia na viatu vyake vya visigino, akiutazama mgongo wangu. Nilikaa. Niliukalia ule mfupa wa kushoto kwa uzito wangu wote na wa miaka yote ya mashine, na gurudumu likasita, likafikiri, likarudi njiani. Nilipita mbele ya shangazi karibu kiasi cha kunusa marashi yake.

"Eeh Yesu!" alisema, na hapo hapo akapasuka kicheko, kicheko kikubwa cha tumbo, akamshika jirani yake ili asianguke yeye, na safu yote ya Bukavu ikacheka pamoja naye.

Nilifika. Nilishuka mlangoni kwa miguu yangu miwili, bila kugusa chini kwa mkono, nikageuka. Dada yangu alikuja akiwa amejikunja kwa kucheka, bwana harusi amemshikia shela isiburuzike, na poda yake ilikuwa haijaguswa na chozi hata moja. Alinishika uso kwa mikono miwili iliyovaa glavu.

"Haukuanguka, yaya."

"Nilikuahidi."

Mama alifika nyuma yake akihema, akaninyoosha kola, akarudi hatua moja kunipima kwa macho.

"Ni vizuri," alisema. "Lakini kufika huku mwisho ulianza kuegama tena. Kidogo."

Ni kweli, na bado naegemea. Mama anazeeka, alfajiri kuna baridi, na hawezi kutembea nyuma yangu kila siku. Vijana ninaowafundisha sasa wananiheshimu mno, wananiambia tu kwamba naenda vizuri. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukinikuta kwenye ile njia ya nyuma ya uwanja, usinipigie makofi kwanza. Pita nyuma yangu, tazama mgongo wangu vizuri, kisha uniambie kwa sauti kubwa naegemea upande gani.