Mkono Laini wa Fausta

Nakumbuka siku shangazi yangu alipomwaga kibuyu kizima cha ulanzi kwenye majani, mwenye kibuyu akiwa amesimama pale pale anamtazama. Nilikuwa mtoto, meno ya mbele yametoka na mengine hayajaota, na nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akimwaga ulanzi.

Wewe mjukuu wangu umezaliwa hapa Ilomba mjini, ulanzi labda unausikia tu. Kwetu Iringa, kule juu milimani, masika ndiyo yalikuwa majira yake. Mwanzi mchanga unakatwa kichwa, maji yake yanadondokea kwenye chombo. Ukinywewa asubuhi ile ile ni mtamu, hata mtoto anapewa. Ukilala, unakuwa pombe kali ya kuangusha wanaume. Kuumwaga ilikuwa sawa na kumwaga chakula. Basi mpakate mtoto wako vizuri, acha hiyo simu, nikuambie kwa nini ulimwagwa.

Mwaka ule ndui ilikuwa imeingia. Tulisikia imeshuka na abiria wa lori, kwenye barabara kuu, kisha tukasikia iko kijiji cha pili. Wazee wetu hawakulitaja jina lake. Walisema tu "mgeni", na wakilisema walishusha sauti. Jumbe, mkubwa wa kijiji, akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba kina mama wote washuke Ipogolo na watoto wao, bwana afya anakuja kuchanja.

Tulishuka wengi. Mimi nilimbeba mgongoni mdogo wangu Kalisto, aliyekuwa bado ananyonya. Mama alikuwa na mzigo wa viazi kichwani, maana hakuna aliyeshuka Ipogolo mikono mitupu. Jirani yetu Mama Fausta alikuja na binti yake Fausta, rika moja na Kalisto, mtoto mnene mwenye kucheka ovyo. Na nyuma yetu alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba.

Huyu shangazi lazima nikueleze. Uso wake wote ulikuwa na mashimo mashimo, kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe, na jicho moja lilikuwa jeupe. Ndui ilimpata akiwa msichana, yeye na wadogo zake. Desturi ya zamani ilikuwa kuwatenga wagonjwa kwenye kibanda cha shambani, mbali na nyumba. Waliingia wote pamoja, akatoka yeye peke yake. Tangu hapo, mgonjwa wa ndui akitokea, aliitwa yeye kwenda kumwuguza, kwa sababu ugonjwa ule ukishakupitia haukurudii. Watoto tulimkodolea macho. Yeye alituambia, "Tazama vizuri leo, ili usiku usiniote vibaya." Kisha anacheka, nasi tunakimbia.

Pale Ipogolo tulipanga mstari juani. Bwana afya alidondosha dawa kidogo kwenye mkono wa kila mmoja, mama na mtoto, nami nikiwemo, halafu akaukwaruza na sindano yake, basi. Watoto walilia. Alipomaliza kundi letu alisimama akasema maneno yake kwa Kiswahili, na kina mama wote wakaitikia pamoja, "Ndiyo, bwana!" Mwanangu, wengi wao Kiswahili hawakukijua. Kihehe ndicho walichokisema nyumbani, shambani, hata kwenye ndoto. Lakini walikuwa wamefundishwa kwamba mtu wa serikali akisema, unaitikia. Mama yangu aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Shangazi alibaki nyuma kununua chumvi. Sisi tukaanza kupanda mlima.

Njiani kulikuwa na kijito ambapo wanawake walizoea kupumzika. Mama Fausta akatua mzigo wake, akatoa kibuyu cha ulanzi alichopewa na ndugu yake kule chini, ulanzi uliokwisha kulala. Sikia sasa. Kwetu, mtoto akiguswa na chuma, iwe ni wembe wa kunyolea au wa mganga, mama mwema hakuliacha jeraha hivi hivi. Aliliosha kwa ulanzi mkali, akapaka majivu ya mafiga. Asiyefanya hivyo alisemwa kisimani kwamba ni mvivu, anaacha kidonda cha mtoto kioze. Kwa hiyo usije ukasema walikuwa wajinga. Walikuwa wanafanya kile ambacho mama zao waliwafanyia.

Mama Fausta akauosha mkono wake mwenyewe uliokwaruzwa, kisha akamsugua Fausta mkono mpaka ngozi ikang'aa. Mtoto akapiga kelele. Halafu akamgeukia mama.

"Lete na huyo Kalisto. Sindano ile imepita kwenye mikono ya watu wangapi leo?"

"Wengi mno," mama akasema. "Hata yule mwenye upele alitutangulia."

"Basi mwoshe kabla hajavimba."

Mama akapokea kibuyu, akaanza kufungua mbeleko mgongoni kwangu. Hapo ndipo shangazi alipotokea kwenye kona, anahema, chumvi imefungwa kwenye pindo la kaniki.

"Weka chini hicho kibuyu."

"Wifi, namwosha tu mtoto..." mama akaanza.

Hakumaliza. Shangazi alikinyakua kibuyu, akakigeuza, na ulanzi ukaenda wote kwenye majani.

"Umelewa kabla ya kunywa?" Mama Fausta alipiga kelele. "Huo nampelekea mume wangu!"

"Mwambie nimeumwaga mimi. Anapajua nyumbani kwangu." Kisha akamgeukia mama. "Yule bwana alisema nini?"

Mama akababaika. "Mimi nilisema ndiyo."

"Sikukuuliza wewe ulisema nini. Yeye alisema nini?"

Mama akaikaza tena mbeleko mgongoni kwangu. Nilimwonea mama yangu huruma, mwanangu, kwa sababu hakuwa mtu wa kugombezwa mbele za watoto.

"Alisema msioshe, msifute, msipake kitu," shangazi akasema. Yeye Kiswahili alikijua, alifunga majani ya tumbaku miaka mingi kwenye mashamba ya wazungu. "Dawa yenyewe iko pale juu ya mkwaruzo. Mkiusugua mnaitoa. Mmetembea tangu alfajiri, mmechomwa na jua, halafu dawa mmempa nani? Haya majani?"

"Sasa kwa nini hukutuambia kule kule?" mama akauliza, sauti ndogo.

"Mliitikia kwa nguvu mno. Nilidhani mmesikia."

Akamtazama Fausta, ule mkono uliong'aa. Akamwambia Mama Fausta ageuke naye, washuke pamoja, bwana afya alikuwa bado hajafunga vitu vyake. Mama Fausta akatazama wingu lililokuwa linakuja, akatazama mlima uliobaki.

"Nishuke tena na mvua hii? Si amekwaruzwa? Mimi nimeona kwa macho yangu amekwaruzwa."

"Nipe mimi nimbebe. Wewe nenda nyumbani."

"Nikupe mtoto wangu?" Mama Fausta akasema, na alivyomtazama usoni, kila mmoja wetu alielewa. Akajifunga mtoto wake mgongoni, akatangulia.

Wiki ile haijaisha, mkono wa Kalisto ukaota lengelenge kubwa lenye maji, na wangu vile vile. Akapata homa, akalia, mama akalia naye. Mimi niliogopa nikadhani tumemwua. Lakini shangazi alikuja kila asubuhi, akainua mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga, akasema, "Vizuri. Uacheni." Akitoka kwetu alikwenda kwa jirani. Huko mkono ulikuwa laini kama wa mtoto wa jana. Hakuna lengelenge, hakuna hata alama.

Mama Fausta alijivunia mkono ule. Alimtembeza Fausta uani akisema, "Mnaona aliyeoshwa? Mwenzake anaumwa, huyu anacheza."

"Hakuna kitu humu," shangazi alimwambia. "Mpeleke tena. Wanachanja tena Ipogolo, nimesikia."

"Mbona unamtakia mwanangu kidonda? Unataka afanane na wewe?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimefuata moto kwa jirani, nimeshika kigae mkononi, sikujua niondoke au nibaki. Shangazi alimpapasa Fausta kichwani, akaondoka. Kesho yake alikwenda tena. Na kesho kutwa. Kila alipokwenda alisema neno lile lile, mpeleke, na kila siku alipewa sababu nyingine, mara mahindi yanaliwa na nyani, mara mume hayupo, mara njia ina utelezi.

Mgeni alipoingia kijijini kwetu, aliingia nyumba ile.

Sitakueleza mengi, kwa sababu una mtoto mapajani. Ilianza homa, halafu vipele usoni na mikononi. Fausta akaacha kucheka. Shangazi akapata habari. Alijifunga kaniki, akachukua chungu, kuni na blanketi lake, akaenda kwa Mama Fausta, akanyoosha mikono. Na safari hii alipewa mtoto.

Mama Fausta hakuruhusiwa kuingia kwenye kibanda cha shambani, maana na mkono wake mwenyewe aliuosha siku ile. Alisimama ng'ambo ya shamba la mahindi, maziwa yanamtiririka kifuani, anaita kwa Kihehe, "Amekunywa?" Na shangazi anajibu kutoka ndani, "Amekunywa kidogo." Alikuwa anamdondoshea uji mwembamba kwa kidole. "Amelala?" "Amelala." Sisi watoto tulikatazwa kusogea, lakini sauti hizo tulizisikia mpaka nyumbani, za yule anayeuliza na za yule anayejibu.

Asubuhi moja Mama Fausta aliita na hakujibiwa. Akaita tena. Shangazi akatoka kibandani akiwa na chungu tu mkononi, akasimama mlangoni.

Kalisto hakupata hata kipele kimoja. Wala mimi. Malengelenge yetu yalikauka yakaacha kovu la duara mkononi, langu hili hapa, liguse. Kalisto anavuna miti yake Iringa mpaka leo, na la kwake analo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipojifunza, na sikujifunza kwenye darasa, niliacha shule darasa la pili. Shangazi hakuwahi kumwambia Mama Fausta "nilikuambia". Hata mara moja. Nilisubiri aseme, kwa sababu mtoto hupenda kuona mkubwa akishinda, lakini hakusema. Alikwenda kumlimia shamba lake mpaka mavuno, basi.

Miaka ikapita, Mama Fausta akazaa tena. Jumbe akatangaza tena chanjo. Akawa wa kwanza kushuka na wa kwanza kuchanjiwa mtoto. Lakini hakuenda nyumbani. Tulipopanda na wanawake wengine tulimkuta amekaa kwenye kile kijito, mtoto mgongoni, miguu ameinyoosha njiani hivi, hupiti bila kumruka. Kila mama aliyefika alimzuia.

"Yule bwana amesema nini?"

Aliyejibu vizuri alimpisha. Aliyesema "sisi tuliitikia tu", alimweleza neno kwa neno, kwa Kihehe, na asiyesadiki alimgeuza arudi chini akaulize mwenyewe. Mmoja alimjia juu, "Wewe nani hata unikague?" Mama Fausta akamjibu, "Mimi mama wa Fausta." Yule mwanamke akakaa chini. Shangazi alikuwa nyuma yetu. Alipofika pale akatua mzigo wake, akakaa kando ya Mama Fausta, na wote wawili wakanyoosha miguu njiani.

Jana, mwanangu, ulirudi kutoka kliniki na huyu mtoto. Nilikuuliza nesi kasema nini, ukaniambia, "Kasema turudi." Turudi lini? Hukujua. Akipata homa umpe nini? Hukujua. Pale alipochomwa panaweza kuota kidonda, upafanyeje? Ulikuwa umeshatoa ile dawa ya mswaki unataka kupaka! Na ulisoma mpaka kidato cha nne, na nesi alisema Kiswahili unachokijua tangu tumboni. Ulikuwa unaitikia tu. Ndiyo maana nilikunyang'anya ile dawa ya mswaki, na ukaninunia mpaka usiku. Nuna tu. Mimi nilishaona kununa kwa watu wakubwa kuliko wewe.

Ndui imekwisha duniani, wameimaliza kwa kukwaruza mikono ya watu kama sisi, mmoja mmoja. Lakini surua ipo, kifaduro kipo, pepopunda, polio, yote yapo yanangoja mtoto ambaye mama yake amechoka kupanda gari. Mpeleke kila mara wanapomwita, siyo mara ya kwanza tu ukaridhika. Akipata homa kidogo baada ya sindano, mpoze, mnyonyeshe, usimlaumu aliyemchoma. Homa ikizidi, mrudishe, usingoje kesho. Kidonda cha chanjo kiache, usikibane, usikipake chochote, hata kama ni mimi bibi yako nimekuletea kwa upendo. Hasa mimi, maana sisi wazee tunapenda kupaka vitu. Na usiyoyaelewa uliza, uulize mbele za watu, wakucheke. Kicheko cha foleni kinaisha mkifika nyumbani. Na mwenzako akikosea usimtangaze. Kaa njiani kwake umweleze, leo na kesho na kesho kutwa, na akikutukana mpapase mtoto wake kichwani uje tena.

Haya, nipe huyo mtoto nimshike. Mungu aliyemlinda Kalisto akulindie na huyu. Akue mpaka ang'oe meno yake mwenyewe kwa uzee, mkono wake uwe na kovu na uso wake usiwe nalo. Na wewe akupe masikio, mwanangu, maana mdomo wa kuitikia unao tayari.

Sasa vaa viatu. Rudi kliniki ukamwulize nesi alisema nini.