Shikamoo ya Bibi

Juzi pale Mikumi watu wa kampeni walituonyesha filamu ya mheshimiwa, jinsi alivyoanza kupanda kwenye siasa. Kijana mwembamba anavua kofia, anainama mbele ya bibi kizee shambani na kusema, "Shikamoo, bibi." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nilikuwepo mchana ule, Msowero. Gari lake lilinuka dizeli, na alikuwa amelisimamisha juu ya ufuta wetu uliokuwa ukitoa maua. Bibi yangu aliweka jembe chini, akapiga magoti kwenye udongo wenye unyevu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Usituondoe hapa."

"Marahaba," alijibu, wala miwani hakuvua.

Kwa kuwa sikuwahi kumwona bibi akimpa shikamoo mtu yeyote kijijini, niliamini mgeni yule alikuwa mzee kuliko watu wote duniani, na nikamwonea huruma kwa uzee wake. Leo najua alikuwa mdogo hata kwa mama yangu.

Ufuta ule hatukuuvuna sisi. Shamba alilichukua zamani zile. Sasa amerudi, amechukua na shikamoo ya bibi.